Pembe ya Wasiofika

Serikali yetu ina uzito wa watu sitini na wanne. Najua kwa sababu mimi ndiye fundi wake. Nimebadilisha mbao zake zilizoliwa na mchwa, nimepigilia upya bati lake, nimepaka rangi madirisha yake, na nikiweka sikio kwenye boriti zake jua likipanda naisikia ikijinyoosha. Ni nyumba ya vyumba viwili na baraza. Haina msingi. Imekaa juu ya mawe manne yanayofika gotini, kila pembe na jiwe lake, na hakuna msumari wala kamba inayoifunga na ardhi. Kila mwaka wa saba watu huja wakaiinua mabegani, pamoja na mtawala aliyemo ndani, wakaihamishia wilaya nyingine. Huko mtawala hutoka, na wenyeji wa huko huchagua mwingine wa kuingia. Lakini wanaoibeba ni watu arobaini na wanane tu. Hesabu haikubali, haijawahi kukubali, na mimi niliyeijaribu ndiye ninayesimulia.

Naitwa Evariste. Ukisikia nasema nilikuwapo, usinishangae. Kila anayepewa patasi hii hupewa na jina, na anayepewa jina hupewa na kumbukumbu, mpaka hajui tena zipi ni zake. Basi nilikuwapo tulipokata miwa ya bwana mwenye kinu cha sukari, katika kisiwa hiki hiki kidogo ambacho ukipiga chafya upwa wa mashariki utaombewa afya upwa wa magharibi. Nyumba zetu wakati huo zilikaa juu ya mawe kwa sababu ardhi ilikuwa ya bwana, na bwana aliweza kukwambia asubuhi uwe umeondoka kabla ya adhuhuri. Ukiambiwa hivyo unaita jirani, mnaibeba nyumba, chungu bado kiko jikoni. Nilikuwapo Agosti ile miwa iliposhika moto kutoka mlimani hadi pwani, tukaing'oa kengele ya kinu tukaizamisha baharini. Na nilikuwapo asubuhi iliyofuata, tumekaa majivuni, tunaulizana: sasa nani atatutawala, na atakaa wapi? Mmoja akasema akae kwenye jumba la mawe la bwana. Bibi mmoja akakataa. Jina lake limepotea, sauti yake ninayo.

“Akae kama tulivyokaa sisi,” alisema. “Ardhi ni yetu. Yeye awe mpangaji.”

Nikilifikiria neno lile mwili unanisisimka mpaka leo. Watu waliokuwa hawana hata kiberiti cha pili, miguu bado ina alama za minyororo, walikaa juu ya jivu wakatambua jambo ambalo wafalme wenye maktaba hawakulitambua: kwamba mamlaka ni kitu cha kubebwa, na kitu cha kubebwa kinaweza kutuliwa. Hawakuliandika popote. Walilijenga kwa mbao. Tangu siku hiyo wamepita wengi katika vyumba vile viwili. Alipita aliyehutubia saa saba mfululizo mpaka mbuzi wakaondoka uwanjani. Alipita mwanajeshi mwenye miwani nyeusi, aliyetoa amri nyumba isiguswe. Watu wakaibeba naye akiwa dirishani anaendelea kutoa amri, na walipomtua alikuwa amechoka sana, akaomba maji. Alipita mwalimu, akapita mganga wa meno. Wote walihisi sakafu ikiondoka chini ya miguu yao, na nasikia hakuna kinachomfundisha mtu zaidi ya hapo.

Sasa sikia kuhusu pembe. Pembe ya kwanza ni ya watu wa mlimani, wajukuu wa waliotoroka kinu wakajificha msituni. Ya pili ni ya watu wa mashamba ya miwa. Ya tatu ni ya bandarini, kwetu. Kila pembe ina mabega kumi na sita. Pembe ya nne haina mtu. Hiyo ni ya Wasiofika: wale waliopakiwa kwenye merikebu pamoja na wazee wetu, upande ule wa bahari, na hawakushuka upande huu. Hakuna aliyewahi kukanyaga nyasi za pembe ile. Watoto hufundishwa kuizunguka kabla hawajafundishwa kuhesabu. Na siku ya kubeba, pembe tatu zinapoinuka, ya nne huinuka nazo, sawasawa, bila kuinama hata upana wa kucha. Alikuja mhandisi mgeni na vyombo vyake akasema ni suala la mizani tu. Alipima siku tatu, siku ya nne akanywa ramu, siku ya tano akapanda ndege, na hatujapata barua yake.

Mimi nimeiona. Nimesimama na bega langu chini ya boriti nikatazama upande ule, nikaona mbao imekaa hewani, chini yake upepo na nyasi. Ukishaona hivyo huwezi tena kuwa mtu mwenye kiburi kikubwa. Lakini unaweza bado kuwa mwoga, na mimi nilikuwa mwoga.

Baba yangu aliitwa Evariste. Alikuwa akiburuta mguu wa kushoto tangu boriti ilipomwangukia ujanani. Mwaka wa kimbunga kikubwa alikwenda kuishika nyumba isiruke, mtu mmoja kwa kimbunga kizima, na bahari ikapanda mpaka barazani ikamchukua. Nyumba ilibaki. Yeye hakurudishwa. Shangazi Clotilde, dada yake, ndiye aliyenilea. Tulikwenda kwa Bibi Ismène wa mlimani, mtunza maneno wetu, tukamwomba atuambie kama ndugu yetu sasa yuko na Wasiofika, maana na yeye amelala baharini bila kaburi. Bibi Ismène alifikiri siku mbili. Akasema hapana. Evariste alizaliwa hapa, kwa hiyo alikuwa amefika, na aliyefika hawezi kurudi kuwa asiyefika. Shangazi alimshukuru kwa heshima zote, akatembea nami hadi nyumbani. Nilimuuliza basi baba yuko wapi. Akaniambia ninawe mikono, chakula kiko tayari.

Miaka ikapita, na watu wakamchagua shangazi yangu kuingia katika nyumba ile. Alitawala vizuri, hata maadui zake husema hivyo, kwa uchungu. Alichimba visima, akafungua zahanati mbili, akaanza barabara ya mlimani. Mwaka wake wa saba ulipokaribia kuisha aliniita. Mvua ilikuwa inanyesha mchana. Alikuwa barazani anamenya shelisheli kwa kisu chake mwenyewe.

“Evariste, mwanangu, nataka unifungie nyumba hii.”

“Kuifunga na nini, Shangazi?”

“Na ardhi.”

Nilicheka. Yeye hakucheka.

“Kimbunga kilichomchukua kaka yangu kina ndugu zake,” alisema. “Wako huko baharini wanakua. Mimi nimechoka kukaa juu ya mawe nikingoja. Na barabara imebaki nusu. Miaka saba, mwanangu, haitoshi hata kumlea mtoto, wewe nilikulea kumi na tano na bado hujui kupiga pasi.”

“Na watu?”

“Watu watalala salama. Mtu aliyelala salama hakuulizi ulipigilia wapi.”

Sijui kama aliyesema vile alikuwa mtawala au shangazi, na nadhani hata yeye hakujua. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba wakati mwingine kinakupikia na kukufunika shuka ukiugua. Nilimpenda. Nikachimba chini ya jiwe la nne, nikamwaga zege, nikasimamisha bolti nene kama kidole gumba, nikaipitisha kwenye boriti na kuifunga kwa nati. Niliichagua pembe ya nne kwa sababu ndiyo pekee ambayo hakuna mtu angeitazama. Na ili nisikanyage nyasi zake, niliingia chini ya nyumba kutokea pembe ya bandarini nikatambaa hadi kule. Mtu anaweza kuwa mwizi na bado akavua viatu mlangoni.

Siku ya kubeba ikafika.

Walikuja tangu alfajiri, wa mlimani na majani ya ndizi mabegani ya kuzuia mchubuko, wa mashamba ya miwa wakiwa wamejifunga vitambaa vyekundu, sisi wa bandarini na makelele yetu. Sheria ni moja: nyumba iwe imeinuka kabla kivuli cha paa hakijaingia chini ya ukuta. Ikishindikana, mtawala anabaki miaka saba mingine. Tangu dunia iwe dunia haijawahi kushindikana, kwa hiyo hakuna aliyejali sheria hiyo isipokuwa watu wawili, mmoja ndani ya nyumba na mmoja chini ya boriti. Alcide, baharia mstaafu mwenye sauti ya kengele, ndiye aliyetuongoza.

“Nani mwenye ardhi?”

“Sisi!”

“Nani mpangaji?”

“Yeye!”

“Basi ahame!”

Tukainua. Nami niliinua, au nilijifanya kuinua, sura nimeikunja. Pembe tatu zilipanda upana wa kidole. Nyumba ikalia kwa ndani, mlio ambao sijawahi kuusikia, na ya nne ikabaki pale pale. Tukaitua. Alcide akaita tena. Tukainua tena. Mara ya tatu damu ilimtoka puani mzee mmoja wa mashambani, naye hakuachia mpaka alipoambiwa.

Nilitazamia waseme kuna kitu kimeshika. Nilikuwa nimeshaandaa uongo wangu, kwamba mbao zimevimba kwa mvua. Hakuna aliyeniuliza. Katika watu wote wale, hakuna hata mmoja aliyefikiria chuma. Waligeuka wote kuitazama pembe ya nne, nyasi zake ndefu zimesimama wima, na Bibi Ismène akasema polepole, “Wametuachia.”

Ndipo walipoanza kujishtaki.

“Ni mimi,” alisema Alcide. “Ile sahani tunayowatengea siku ya mavuno. Mwaka jana niliila. Nilikuwa na njaa, jamani, na samaki alikuwa mzuri.”

“Si wewe,” alisema Philomène wa mashamba ya miwa. “Ni mimi. Mwanangu aliniletea pipa la nguo na sabuni kutoka ng'ambo. Nikajisifu dukani, nikasema waliovuka kwa ndege ndio waliofika kweli, wale wengine walizubaa.”

“Mimi mbuzi wangu alikula nyasi zao.”

“Mimi niliacha kuwataja kwenye sala. Orodha ilikuwa ndefu.”

Wengine walicheka huku wanalia. Nilisimama katikati yao nikaona aibu ambayo sijui jina lake. Walikuwa watu huru, waliowahi kumtua mwanajeshi mwenye bunduki kama wanavyotua kikapu, na jambo la kwanza lililowajia lilikuwa kujiuliza wamemkosea nani. Mimi ningetafuta wa kumlaumu. Wao walitafuta wa kumwomba radhi, na wa kumwomba radhi alikuwa amekufa miaka mia mbili iliyopita.

Bibi Ismène alivua kilemba. Mvi zake zilikuwa chache. Akageuka kuitazama bahari.

“Tusiwachoshe zaidi,” alisema. “Wametubebea serikali vizazi na vizazi, na wao hata kaburi hawana. Wakichoka ni haki yao. Nitawaaga. Nikishawaaga hawaitwi tena, si leo, si kwenye mavuno, si kwenye sala. Mmekubali?”

Kivuli cha paa kilikuwa kimebaki upana wa viganja viwili.

“Enyi msiofika,” alianza, “mzigo wenu tumeupokea. Laleni. Msitusikie tena tukiwaita...”

Sikuwa nimefikiria hili. Nilidhani naiba miaka saba. Kumbe nilikuwa naiba wafu. Neno moja jingine la bibi yule na wangeondoka wote, mama za mama zetu, wale wa chini ya sitaha, majina ambayo hata bahari imeyasahau, wangekwenda wakidhani uzito wetu umewashinda, kwa sababu ya nati niliyoinunua dukani. Na baba, asiyekuwa huku wala kule, nani tena angebaki wa kumuulizia? Nikapiga moyo konde.

“Bibi Ismène, subiri.”

“Nini, Evariste?”

“Hawajatuachia. Kuna bolti. Niliiweka mimi, chini ya pembe yao.”

Nilisikia pumzi za watu wote. Alcide alinisogelea mpaka nikanusa tumbaku yake.

“Ulikanyaga nyasi?”

“Sikukanyaga. Nilipita chini kwa chini.”

“Afadhali angekanyaga,” alisema Philomène.

Bibi Ismène alinitazama. Nilitamani anipige. Akaanza kufunga tena kilemba chake.

“Spana unayo?”

“Ninayo.”

“Basi unangoja nini? Kivuli kinakwenda.”

Nikatambaa.

Chini ya serikali kuna giza la mchana. Kuna harufu ya vumbi kavu, na mayai ya mjusi, na kijiko cha mtu kilichopenya kwenye ufa wa sakafu zama za nani sijui. Nilitambaa nami nikawa wengi. Mimi niliyeichonga boriti hii ya kwanza, mikono ina majivu. Mimi niliyeishika isiruke, maji kifuani. Mimi mwenye spana. Yupi kati yetu alikuwa fundi na yupi alikuwa mbao? Tunasema tunaibeba. Labda yenyewe inatubeba sisi, imelala kifudifudi juu ya historia yetu kama kuku juu ya mayai, na hatujui bado kitakachoanguliwa. Nikaifikia bolti. Ilikuwa inang'aa. Kitu pekee kipya mahali pale, na kilikuwa kibaya kukitazama.

Nikageuza. Nati haikukubali. Kuinua mara tatu kulikuwa kumeikunja boriti, ikaibana nati kwa nguvu za watu arobaini na saba waaminifu.

“Evariste.” Sauti ya Shangazi ilipita kwenye nyufa za sakafu, kutoka mwisho mwingine wa chumba. “Acha.”

“Shangazi, walikuwa wanawaaga.”

“Nilisikia.”

“Wasingewaita tena.”

“Waliokufa hawapigwi na upepo, mwanangu. Mimi nawaogopea walio hai. Nakuogopea wewe. Nyumba ikiwa juu ya mawe, siku moja utakuja kuishika, nakujua. Utakuja kama alivyokuja yeye.”

Ndipo nilipoelewa bolti ile ilikuwa kwa ajili ya nani. Nililia pale chini, vumbi likawa tope usoni.

“Nitakuja,” nilisema. “Hata ukiifunga kwa minyororo, nitakuja. Nati imekwama, Shangazi. Boriti imepanda. Sina nguvu.”

Nje kivuli kilikuwa kimebaki uzi. Kisha nikasikia kiti kikisogea, na hatua zake. Zilitoka upande wa pili wa chumba, nzito, za taratibu, zikaja. Hakuna mtawala aliyewahi kusimama kwenye pembe ile hata kwa ndani. Vitanda vyao vyote viliwekwa mbali nayo. Akaja mpaka mbao zikalia juu ya uso wangu.

“Hapa?”

“Hapo hapo.”

Shangazi yangu ni mnene, namshukuru Mungu. Boriti ilishuka unene wa unywele.

“Geuza basi,” alisema.

Nati ikageuka. Ikatoka. Nikapiga kelele, na Alcide akanisikia, na hakuuliza yale maswali mawili kama ilivyo desturi. Aliita neno moja tu: “Ahame!” Nyumba ikapaa.

Nilikuwa bado nimelala chini yake. Mwanga uliingia kutoka pande zote nne kwa mara moja. Niliona nyayo za watu wa mlimani, nyayo za mashamba ya miwa, nyayo za bandarini zenye pengo langu katikati. Nikageuza kichwa kwenye pembe ya nne. Nyasi zile ambazo hazijawahi kukanyagwa zilikuwa zinalala. Moja, nyingine, nyingine, vishada kwa vishada, zilibonyea kwa kina, kama zinavyobonyea chini ya mtu mwenye mzigo, na hazikuinuka. Zilikuwa nyingi. Nikajaribu kuhesabu, nikaacha, kwa sababu pembezoni, mahali ambapo angesimama fundi, niliona unyayo mmoja wa kulia na kando yake mfereji mrefu ndani ya nyasi. Unyayo, mfereji. Unyayo, mfereji. Mtu alikuwa anaburuta mguu wa kushoto.

Nyumba ilinipita. Nikabaki mbele ya anga, juu ya ardhi iliyopauka.

Bibi Ismène alikuwa amesimama ukingoni mwa nyasi. Aliziona.

“Nilikosea,” alisema. “Nilidhani sisi tumeshafika.”

Nikakimbia. Pale bandarini pengo langu lilikuwa bado wazi. Alcide hakunitazama, alisogea kidogo tu, nikaingiza bega. Kutoka hapo pembe ya nne haionekani, lakini mbao ni moja, na mbao haifichi. Ilinijia ndani ya mfupa wa bega: hatua, mburuto, hatua, mburuto, mwendo niliousikia kila jioni ya utoto wangu ukija kutoka karakana. Njia ya kwenda wilaya ya pili inateremka, na vijana walikuwa wameanza kuharakisha kwa furaha. Dirisha likafunguka. Shangazi Clotilde alitoa kichwa nje, macho yamevimba, na kwa sauti ile ile aliyofungulia visima na zahanati akatoa amri yake ya mwisho.

“Polepole jamani! Kaka yangu hawezi kukimbia.”

Watu arobaini na wanane wakapunguza mwendo.